Shina la Pembe Tatu

Ndago haina aibu. Magugu mengine ukiyang'oa huondoka, tena huondoka na heshima zao. Hunyauka juani na kesho yake umeshayasahau. Ndago ukiing'oa inakuachia majani mkononi kama mjusi anavyomwachia paka mkia, na yenyewe inabaki chini ikiendelea na mambo yake. Kule chini ina kiazi cheusi, kigumu, si kikubwa kuliko punje ya harage, na kiazi hicho kimeunganishwa kwa uzi na kingine, na kingine, na kingine tena, ukoo mzima umelala gizani. Mkubwa akiwa hai juu, wadogo zake hulala kwa adabu. Ukimkata huyo mkubwa, au ukipitisha jembe ukakatiza nyuzi, basi kila mdogo anaamka kudai urithi. Ndiyo maana mtu mwenye hasira na jembe lenye makali ndiye rafiki mkubwa wa ndago.

Maneno hayo hakuyatunga Kitinda. Aliyasikia kwa baba yake tangu hajang'oka meno ya utotoni, wakati watoto wenzake wakisimuliwa habari za sungura. Aliitwa Kitinda kwa kuwa alikuwa kitindamimba, na jina likamganda mpaka sasa ana miaka thelathini na minane na kitalu chake cha nyasi. Kwenye karatasi kitalu kilikuwa chake. Kwa ukweli wa mambo, kitalu kilisimama juu ya vidole viwili vya baba yake, gumba na shahada vya mkono wa kulia.

Baba alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye kituo cha utafiti wa magugu, katika chumba chenye dirisha moja, akihesabu viazi vya ndago kwenye sinia za udongo. Alijua kiazi kimoja kinazaa vingapi kabla ya mvua kukatika, na alipenda kuwaambia watu idadi hiyo katikati ya chakula. Baadaye alipewa vijana awafundishe, na wengi wao ndio wakaguzi wa vitalu hadi leo. Mtaani walimwita Mzee Vidole, kwa sababu hakutumia macho. "Macho yanadanganyika," alisema. Na kweli, nyasi za kitaluni hukatwa fupi, urefu wa kiungo cha kidole, na ndago ikikatwa hapo pamoja na ukoka, ile nyasi ya kuuzwa, zote ni kijani, zote zimelala kitanda kimoja. Mzee Vidole alichuchumaa, akashika shina pale linapotoka ardhini, akaliviringisha mara moja tu. Shina la ukoka ni la mviringo, linateleza kama uzi. Shina la ndago lina pembe tatu, linakwama kidoleni. Alimaliza tuta zima la mapande mia mbili kabla ya chai ya saa nne, huku akikusimulia habari nyingine kabisa.

Mapande hayo ya nyasi na udongo wake, kila moja ukubwa wa mkeka wa mlangoni, ndiyo yaliyolisha nyumba. Na kila mwaka alikuja mkaguzi. Akikuta safi, unapata cheti. Akikuta ndago, hata shina moja, huuzi hata unyasi, na shamba linafunikwa plastiki nyeusi misimu miwili. Jirani wa ng'ambo ya barabara alikutwa na mashina manne. Siku hizi anafyatua matofali, na ukimsalimia anaitikia akitazama pembeni. Kitinda aliyafikiria matofali hayo kila siku. Alikuwa ameacha kazi ya ukarani, kazi ya kukaa kivulini na kupewa likizo, akaja kwenye matope haya, na mwaka huu hospitali mpya iliyokuwa ikimaliziwa upande wa pili wa mji ilikuwa imemwagiza mapande elfu mbili. Barua yao ilikuwa na sharti moja: tuone cheti kwanza.

Wiki sita kabla ya ukaguzi, baba na binti walikuwa wamekaa barazani wakinywa chai. Kitinda akaona kitu cheusi kwenye kidole gumba cha baba yake.

"Baba, hebu lete mkono."

"Wa nini? Nina chai."

"Lete tu."

Ulikuwa mwiba. Haukuwa kijiti cha kupita juu ya ngozi. Ulikuwa umezama wote, umebaki mwisho wake tu, na nyama kuzunguka imeshageuka rangi. Ulikuwa na siku mbili au tatu humo. Kitinda akaukamata kwa kucha, akauvuta taratibu huku akisubiri baba yake aruke. Baba yake alikuwa akitazama barabarani, anapuliza chai.

"Umeshaona ulichokuwa unakitafuta?" akauliza. Mwiba ulikuwa tayari kwenye kiganja cha Kitinda, mrefu kama njiti ya kiberiti iliyokatwa nusu.

"Nimeona, Baba. Uchafu tu."

Sukari ilikuwa imempata mzee miaka kumi na mmoja iliyopita. Kila mara muuguzi alipomuuliza kama vidole vina ganzi, alijibu kwamba ganzi ni ya wavivu, na muuguzi akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoandikwa kwenye faili. Mficha maradhi, walisema wa zamani, kifo humuumbua. Lakini mzee wetu hakuwa anaficha, na hapa ndipo pabaya. Ganzi ilimjia polepole kiasi kwamba hapakuwa na siku ya kuigundua.

Mchana huo, baba alipojilaza, Kitinda alikwenda kwenye tuta la tatu, ambalo baba yake alilikagua asubuhi ileile. Akaanza pembeni. Pande la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu, shina likakwama kidoleni. La nne, mashina mawili. Alipofika la kumi hakuhesabu tena. Alikaa chini kwenye njia ya maji, gauni likilowa, akatazama vizuri. Kila shina la ndago lilikuwa limebonyea kidogo karibu na udongo. Baba yake hakuwa ameyaruka. Alikuwa ameyashika yote, moja baada ya jingine, akayaviringisha, akayaacha. Kwenye vidole vile kila shina duniani sasa lilikuwa la mviringo.

Alilia kidogo, kisha akaona haya kulia juu ya nyasi, akainuka.

Alifikiri angeiweza kazi hiyo mwenyewe, kimyakimya, bila kumvunja mzee moyo. Akaanza kuamka alfajiri kabla ya baba yake, na kijiko kirefu cha chuma na kopo. Ndago haing'olewi, inachimbwa. Unafuata shina mpaka kwenye kiazi, kisha unafuata uzi mpaka kwenye kiazi cha pili, na hicho kikikuponyoka umefanya kazi ya bure, tena umekiamsha. Kila shina lilimwachia shimo la kuingia ngumi. Akafukia kwa mchanga, akapachika ukoka juu, akapiga-piga kwa kiganja. Kwa mtu mwingine lisingeonekana. Lakini macho ya mzee, hayo aliyokuwa akiyatukana kila siku, yalikuwa mazima kabisa kwa mambo ya udongo.

"Kitinda! Njoo uone. Tumeingiliwa."

"Na nani, Baba?"

"Fuko. Tena fuko mwenye akili zake. Tazama, anachimba kwa mstari."

Ungekuwa wewe ungesemaje? Kitinda alisema, "Kumbe!"

Basi mzee akamtangazia fuko vita. Akatengeneza mitego ya fito na uzi, akaitega kwenye matuta yote, na kila aliyepita barabarani alisimamishwa apewe habari za fuko huyo, ambaye kila siku aliongezeka ujanja na ukubwa. Kufunga uzi kulimshinda. "Nyuzi za siku hizi hazina mshiko," akanung'unika, na Kitinda akapiga magoti akamfungia mafundo ya mtego ambao kesho yake alfajiri ungemnasa yeye. Ulimnasa mara mbili. Mara ya pili aliketi palepale gizani, kidole kimevimba, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikamgeukia kilio.

Usidhani hakujaribu kusema. Alijaribu mara tatu.

Mara ya kwanza alisema, "Baba, twende zahanati wakakupime hiyo sukari na vidole." Mzee akasema zahanati wamwite yeye akawapime wao.

Mara ya pili alisema, "Nafikiri tutafute mtu wa kukusaidia kukagua. Matuta yameongezeka."  Mzee alinawa mikono, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nimeshakuwa mzigo, mama?" Alimwita hivyo, mama, kama alivyozoea akiwa amelainika. Kitinda akasema hapana, Baba, mzigo gani tena. "Basi," akasema mzee, na siku hiyo hakula.

Mara ya tatu alileta habari ya dawa ya kupulizia. Hapo mzee alichangamka, maana aliulizwa kitu cha fani yake. Akamweleza vizuri, kama mwanafunzi: dawa inaingia kwa majani, inashuka mpaka kwenye kiazi kilichoamka, inakiua. "Lakini waliolala hawapati habari. Mwezi ujao wanaamka, unapulizia tena. Mwezi wa tatu, tena. Unalea ugonjwa." Akainua mkono wake wa kulia, akasugua gumba na shahada mbele ya uso wa binti yake. "Dawa, mama, ni ya mtu asiye na vidole."

 Kitinda akajiambia, baada ya ukaguzi nitamwambia. Cheti kikishapatikana nitamkalisha chini nimwambie yote. Ahadi za namna hiyo ni rahisi, kwa kuwa mtu anajiahidi mwenyewe na hana wa kumdai.

Kisha mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, wiki mbili kabla ya mkaguzi. Ukoka unapenda mvua, ndago inaiabudu. Kila kilicholala kiliamka. Mashina yalitoka usiku kucha, ya kijani kinachong'aa, yakaupita ukoka kwa urefu wa ukucha, na mashine ilipopita kuyakata yakajilaza humo humo na wenzao yakatulia. Kitinda alichimba alfajiri, akachimba baba alipolala mchana, akajaza makopo. Alipomaliza tuta la sita, la kwanza lilikuwa limeota upya. Maji yalikuwa yamezidi unga. Nyuma yake, kila asubuhi, baba yake alichuchumaa kwenye matuta yaleyale na kusema kwa sauti ya kuridhika, "Safi. Safi. Safi."

Mkaguzi alikuja siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, na pikipiki ya ofisi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi pembeni, lakini alipomwona mzee alivua kofia kama mtoto wa shule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bado unatumia macho?"

"Nimeacha, Mwalimu. Ulishanichapa kwa hilo."

Wakacheka, wakashikana mikono kwa muda mrefu. Wakaanza kutembea matutani, mzee mbele, mkaguzi nyuma, Kitinda wa mwisho ameshika kitabu cha shamba kifuani. Tuta la kwanza mkaguzi alichuchumaa mara tano, akaviringisha, akainuka. La pili vivyo hivyo. Kitinda akaanza kupumua. Kwenye la nne, alilokuwa hajalimaliza, mkaguzi alichuchumaa, akashika shina, na hakuinuka.

Akaliviringisha tena. Akalikata kwa ukucha pale chini, akalitazama, akalificha kiganjani. Kitinda aliona kutoka aliposimama. Aliona hata ule uvimbe mdogo mweupe wa shinani.

Mkaguzi aliinuka. Sheria ilimtaka afungue daftari aandike. Lakini mbele yake alisimama mtu aliyemfundisha kuandika hilo daftari, na kwetu sisi mdogo hatangulii kusema mbele ya mkubwa, hata jambo likiwa wazi kama mchana. Akamnyooshea mzee lile shina kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hili limenitatiza. Sema wewe kwanza. Nitaandika utakalosema."

Mzee akalipokea, akafumba macho. Akaliviringisha kati ya gumba na shahada, mara moja kama desturi yake. Kisha mara ya pili. Kitinda hakuwahi kumwona akiviringisha mara ya pili. Mbwa alibweka mahali fulani, mpira wa maji ulikuwa unavuja kwenye kiungo, na wote watatu wakasubiri vidole viwili viseme.

"Ukoka," akasema mzee.

Mkaguzi alimtazama Kitinda. Yalikuwa macho ya mtu anayeomba asaidiwe: sema wewe, wewe ni mwanawe, kwako ataipokea. Neno lilikuwa mdomoni mwa Kitinda, limeshafika kwenye meno. Akamwona baba yake amesimama wima katikati ya tuta, kichwa juu, shina la ndago mkononi, na akainamisha uso akatazama viatu vyake.

"Ukoka," mkaguzi akasema, na akaandika. Matuta yaliyobaki aliyapita bila kuchuchumaa. Alitia sahihi cheti juu ya kiti cha pikipiki, mkono ukiwa mzito, na Kitinda alipomsindikiza mpaka getini aliwasha injini ndipo akasema, ili kelele ifunike:

"Uliliona?"

"Nililiona."

"Na mimi," akasema mkaguzi. "Dada, sikuweza." Akaondoka.

Kitinda alipoyakaribia matuta tena, baba yake alikuwa bado amesimama palepale. Alikuwa amelishika lile shina na kulitazama kwa macho, kwa karibu, kisha kwa mbali, kama mtu anayesoma barua bila miwani. Lilikuwa limeshanyauka na kujikunja. Kwa macho lisingemwambia kitu tena.

"Kitinda."

"Naam, Baba."

"Lile lilikuwa nini?"

Hakuuliza kwa kejeli wala kwa kumjaribu. Aliuliza kwa sauti ndogo ambayo binti yake hakuijua, akimnyooshea lile shina. Hiki ndicho kikao alichojiahidi. Cheti kilikuwa mfukoni. Hapakuwa na mgeni wa kumwaibisha mzee mbele yake. Mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni mzee mwenyewe. Kitinda akalichukua shina. Hata yeye, ambaye vidole vyake vilikuwa na malengelenge na vimefungwa kitambaa, alizisikia pembe zote tatu.

"Ukoka, Baba," akasema. "Ulisema kweli."

Mzee alishusha pumzi ndefu sana. Akakaa ukingoni mwa tuta, akajifuta uso kwa mkono wa shati, na Kitinda akaona kwamba alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Nilidhani vimekufa," akasema akivitazama vidole vyake, akivichezesha. "Wallahi, mama, kwa siku chache hizi nilidhani vimekufa. Nilikuwa sikwambii. Nilipoviringisha pale sikusikia kitu, nikasema basi, nimeshamponza mwanangu." Akavisugua. "Kumbe ni woga tu wa uzee."

"Ni woga tu, Baba."

Lori la hospitali lilikuja Jumatatu, na vibarua wawili, na mtu wa hospitali aliyevaa viatu vya kung'aa asitake kushuka kwenye matope. Kitinda alikuwa amepanga kuyachambua mapande, apakie yaliyo safi na mengine ayaweke pembeni kwa kisingizio chochote. Lakini mzee alikuwa ameamka kabla yake siku hiyo, amenyoa ndevu, na amejiwekea kigoda nyuma ya lori.

"Hakuna pande litakalopanda bila kupita hapa," akawatangazia wote. "Hospitali ni mahali pa wagonjwa. Hatuwapelekei uchafu."

Vibarua wakaleta mapande, wakayaweka mapajani mwake moja moja. Alitembeza mkono juu ya nyasi, akachagua shina, akafumba macho, akaviringisha. "Safi." Akampa Kitinda. Kitinda akapandisha. Mtu wa hospitali alivutiwa, akatoa simu akapiga picha. "Safi," akasema mzee, sauti ikizidi kupata nguvu kadiri jua lilivyopanda. Pande moja ndago ilikuwa imesimama juu yake waziwazi, majani matatu yanayong'aa, hata kibarua aliyelileta aliyatazama kisha akamtazama Kitinda. Mzee akalishika shina hilo hilo, akaliviringisha bila haraka, akatabasamu.

"Safi," akasema, akamnyooshea binti yake kwa mikono miwili.

Kitinda akalipokea, akaona mikono yake mwenyewe ikiliinua na kulipandisha kwenye lori.